Kinanda cha Meza ya Pasi

Maneno yenyewe yalianzia kaunta ya dobi, Jumanne asubuhi, pasi zikiwa bado hazijashika moto. Mpokea nguo aliyasema huku akibana namba kwenye mashuka ya wateja, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nasikia yule mwalimu wa piano ana watoto wa namna mbili. Wanaolipiwa kwa noti anawafundisha mikono miwili. Wanaolipiwa kwa pasi, mkono mmoja."

Mpiga pasi alikuwa anakunjua shati. "Umesikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Shoga, watu ni watu, hawana vitambulisho. Mimi nimeokota, nimekupa. Ukitaka litupe."

Angelitupa wapi? Katika duka zima mwenye mtoto wa piano alikuwa yeye peke yake. Kila Ijumaa, kwa ruhusa ya mwenye dobi, alibaki saa moja zaidi akanyoosha mashuka na mapazia ya mwalimu, na kila Jumamosi binti yake wa miaka saba alikaa nusu saa mbele ya piano ya mwalimu huyo. Ndiyo yalikuwa malipo. Na wala si yeye aliyeyaomba. Mwalimu alikuja siku moja kuchukua nguo, akamkuta yule mtoto chini ya kaunta akiimba mlio wa kengele ya mlango, kisha mlio wa mashine ya kufulia, kila mmoja mahali pake. Akasema, "Huyu ana sikio, mama. Niletee." Mtoto mwenyewe walishamwita Chiriku zamani, kwa sababu hakuwa na dakika ya kunyamaza. Alipokula aliimba, alipofunga viatu aliimba.

Siku ile mama yake aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka sita.

Jioni alimuuliza mumewe, fundi rangi, aliyekuwa akijisugua madoa ya chokaa viganjani.

"Wewe unaona mtoto anafundishwa sawasawa?"

"Mimi najua rangi ya maji na rangi ya mafuta. Ya piano muulize mwalimu."

"Nimuulize anione nina gubu?"

"Basi usimuulize. Lakini usiniulize na mimi."

Ng'ambo ya ukuta kinanda kilianza kulia. Ukuta kati yao na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Jirani huyo ni muuza vitambaa, mtaa mzima wanamwita Mama Vitambaa, na binti yake, Kibonge, alianza piano miezi miwili kabla ya Chiriku. Wao walikuwa na kinanda cha umeme, kidogo lakini kizima, na kila jioni baada ya shule Chiriku alikwenda kufanya mazoezi huko. Jioni hiyo alikuwa huko pia. Mama yake alisikiliza. Wimbo ulipigwa kwa sauti mbili, nene na nyembamba, zikienda pamoja. Kisha ukapigwa kwa sauti moja, nyembamba tu.

Hakuhitaji kuambiwa nani ni nani. Akafungulia redio.

*

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na ukumbi mwembamba wenye benchi, na wazazi walikaa hapo. Ndani hawaingii. "Mzazi akiingia, mtoto anampigia mzazi," mwalimu alisema, na hakusema mara mbili. Mlango ulibaki wazi robo. Kutoka benchini uliona pembe ya piano, mashine ya kukatia kucha iliyoning'inizwa kwa uzi, kwa sababu hakuna aliyegusa piano na kucha ndefu, kisanduku cha kuwekea miguu isiyofika chini, na kipande cha vibao: cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, kama meno ya mtu anayetafuna mkaa.

Jumamosi hiyo Kibonge alitoka na nyota mbili kwenye kitabu. Mama Vitambaa alikifungua palepale benchini, ukurasa wa kumi na tisa.

"Mikono miwili mwanangu, leo rasmi. Haya, siku ya wazazi tunaingia." Mwalimu alikuwa na siku yake mwisho wa muhula, watoto wanapiga wazazi wanasikiliza, na aliyekuwa bado mkono mmoja alikaa benchini na wazazi. Zilibaki wiki tisa. "Wa kwako je, jirani?"

"Yuko njiani."

"Atafika tu. Mwache aendelee kuja kwetu. Nimemwambia Kibonge, mwenzako akija mpishe, yeye hana."

Yeye hana. Mama Vitambaa alilisema kwa wema, na huo ndio ukweli, maana hakuwa mtu wa vijembe. Lakini benchini walikuwa wamekaa wazazi wengine wawili, na mmoja wao akageuka akatazama viatu vya mpiga pasi. Hakutazama kwa ubaya, ni macho tu. Mama Chiriku akavivuta chini ya benchi.

Chiriku alipotoka, mama yake alichungulia kitabu. Ukurasa wa tisa, nyota moja, mkono wa kulia.

"Wiki ijayo tunaanza wa kushoto," mwalimu alisema mlangoni. "Ana haraka huyu, namshika shati. Nyumbani anafanyia mazoezi wapi?"

Mama Vitambaa alikuwa bado anamfunga Kibonge kamba za viatu. Jibu lilikuwa rahisi, na lilikuwa limekaa hatua mbili tu kutoka pale. Mama Chiriku akajikuta amesema, "Tunacho kinanda."

"Vizuri sana," mwalimu akasema.

Njiani alimshika mtoto mkono kwa nguvu kidogo. "Kuanzia leo hakuna kwenda kule."

"Kule wapi?"

"Kwa Kibonge. Na mwalimu akikuuliza, tunacho."

"Tunacho nini?"

"Kinanda. Kesho utakiona."

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Dobi walikuwa wamemwachia meza ya pasi iliyovunjika mguu mmoja, na mumewe alikuwa ameiunga kwa waya. Aliivua kitambaa, akaiwamba shuka jeupe, akalivuta mpaka likawa kama ngoma. Kwenye hilo hakuwa na mpinzani. Akachukua rula ya shule ya mtoto na makopo ya mumewe.

Fundi rangi alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Umepima?"

"Nimeona."

"Nimekuuliza umepima. Mimi siwezi kupaka mlango nilioukumbuka. Ngoja Jumamosi nikaombe kwa mwalimu, nichukue vipimo, dakika tano."

"Ukamwambie nini? Kwamba mke wangu ni mwongo?"

"Kwani umesema nini?"

Mkewe aliinama juu ya meza. Fundi rangi alimeza kilichobaki kikombeni, akasema, "Mficha uchi hazai, mke wangu," akaenda zake. Tangu hapo hakutia tena neno, na katika hadithi hii hilo ni kosa lake.

Mkewe alipima kwa upana wa rula, kibao kimoja rula moja. Kila baada ya cheupe, cheusi. Cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, kutoka upande mpana wa meza mpaka kwenye ncha. Alipiga mistari iliyonyooka kuliko ya fundi. Jua lilipoanza kushuka rangi ilikuwa imekauka, na yeye mgongo umekufa ganzi, lakini alicheka peke yake.

"Chiriku, njoo."

Mtoto alikuja mbio, akasimama. Alitazama meza muda mrefu. Alinyoosha kidole, akagusa kibao cheusi kimoja, akagusa kinachofuata, na kinachofuata. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amejipaka weusi mpaka kidevuni.

"Umekipenda?"

"Ndiyo."

"Hata huko ng'ambo hawana kikubwa kama hiki."

"Ndiyo, mama."

*

Wiki ya kwanza mtoto alipiga huku akiimba, kwa kuwa meza haikuwa na sauti na ilibidi yeye awe sauti. Do, re, mi. Mama yake alikaa na rula mapajani, anahesabu dakika. Siku ya tatu alisikiliza ukutani, akaona kule wamenyamaza.

"Usiimbe," alisema. "Watakusikia wajue hakilii."

"Sasa nitajuaje nimepatia?"

"Kwa vidole. Piga kwa vidole."

Akapiga kwa vidole. Chumba kikawa na mlio wa kucha fupi juu ya shuka, tap, tap, tap, kama panya kwenye dari. Kuanzia hapo, bila mtu kumwambia, aliacha kuimba hata akila, kisha akaacha hata akifunga viatu. Mama yake aliona kwamba mtoto ametulia. Alidhani amekua.

Jumamosi ziliendelea. Wa kushoto haukuanza. Ukurasa wa tisa, mwalimu ameandika *Rudia*. Jumamosi nyingine, *Rudia*. Ya nne, mwalimu alimrudisha ukurasa wa sita, na siku hiyo Kibonge alikuwa ukurasa wa ishirini na saba. Mama Chiriku alizijua namba zote mbili kwa moyo. Usiku na mchana alikuwa akitoa moja kwenye nyingine. Akikutana na Kibonge mlangoni, mtoto asiye na hatia, mwenye mashavu, anayesema "shikamoo mama," alijibu "marahaba" na moyoni akamwombea kidole kivimbe. Ndivyo ilivyo roho ya korosho. Haikuambii jina lake. Inakuja na sura ya kumpenda mwanao.

"Mwalimu anakufanya nini huko ndani?" alimuuliza Chiriku.

"Ananishika mkono."

"Anakupiga?"

"Hapana. Ananishika tu hivi, anaukunja, anasema shika kama umeshika yai."

"Na wewe?"

"Mayai yananianguka."

"Mwenzio anafundishwa vipi?"

"Sijui. Siku hizi siendi kwao."

Kule kaunta mpokea nguo aliuliza, kama vile hakumbuki aliyoyasema, "Eti, mtoto keshafika mikono miwili?" Mpiga pasi akasema bado. Mpokea nguo alinyanyua tu nyusi, akabana namba nyingine.

Ijumaa ya saba mapazia ya mwalimu yalinyooshwa vibaya kwa makusudi, upindo mmoja umeingia ndani. Alilifanya akijua. Alijisikia vizuri mpaka alipofika nyumbani.

*

Ilikuwa Jumamosi ya nane, imebaki moja. Kibonge ametoka, Chiriku ameingia, Mama Vitambaa bado anatafuta mwavuli wake chini ya benchi. Kwenye ule ufa wa mlango mama Chiriku alisikia kidole kimoja, kimya, kidole kimoja, kimya, na sauti ya mwalimu, "Tena." Akasimama. Miguu ilimwingiza ndani kabla hajaamua.

"Mwalimu, na mimi mashuka yako nanyoosha pande zote mbili. Sinyooshi upande mmoja."

Mwalimu aligeuka kwenye kiti. "Sijaelewa, mama."

"Mwanangu ana mikono miwili. Kama kosa ni pasi, niambie, nitatafuta noti. Lakini usimweke mtoto wangu kwenye mkono mmoja miezi na miezi, wa wenzie wanapaa."

Mama Vitambaa alikuwa mlangoni na mwavuli wake. Kibonge nyuma yake.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Kaa, mama."

"Sikai."

"Basi nisikilize umesimama. Katika watoto kumi na mmoja ninaofundisha, sikio la huyu ndilo la kwanza. Mwezi ule wa kwanza alikuwa ananikimbilia. Nilitaka afungue siku ya wazazi. Halafu kuna wiki alikuja mkono umelala, umetanuka kama buibui, anatafuta vibao mahali ambapo havipo. Nikamnyoosha. Wiki iliyofuata amerudi vilevile, zaidi. Namnyoosha Jumamosi, kuna kitu kinampinda siku sita. Nimemuuliza yeye, anasema mnacho kinanda. Nimekuuliza wewe, umesema mnacho. Ni kinanda gani hicho, mama?"

Mama Vitambaa, kwa ule wema wake, akasema, "Labda ni tangu alipoacha kuja kwetu. Kibonge anamuulizia kila siku. Mimi nilidhani mmenunua..." Akaishia hapo, maana aliuona uso wa jirani yake.

Mama Chiriku alitafuta neno, akakuta amelimaliza lote kwenye mashuka. Hapo mtoto akasema kutoka kwenye kile kiti kirefu, miguu juu ya kisanduku, bila kumtazama mtu:

"Tunacho. Kimeharibika. Nilikiharibu mimi."

Mwalimu alimtazama mtoto, akamtazama mama. Alielewa, na hakuuliza tena. Aliinuka akafungua kabati, akatoa mkunjo wa karatasi ngumu, akaukunjua juu ya kifuniko cha piano. Ulikuwa vibao vya piano vilivyochapwa, urefu uleule, upana uleule.

"Hizi ninazo nyingi. Asiye na kinanda nyumbani nampa, ndiyo maana huwa nauliza. Nusu ya watoto wangu wameanzia hapa. Hata Kibonge."

"Mimi nilikaa nayo mwezi mzima," Kibonge akasema. "Tuliibandika kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mama akaikata na mkasi kwa bahati mbaya."

Mama Vitambaa akacheka kidogo, peke yake.

*

Nyumbani mama alitandaza karatasi juu ya meza ya pasi. Haikulingana. Karatasi ilikoma, vibao vyake yeye vikaendelea, vipana kama vya jitu. Na vyeusi, alipovitazama kwa karibu mara ya kwanza katika maisha yake, havikuwa vimepangwa foleni. Vilikaa viwili, pengo, vitatu, pengo, viwili.

"Viko viwili viwili na vitatu vitatu," alisema.

"Ndiyo. Do iko mlangoni, kushoto kwa vile viwili. Ndivyo unavyoijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ulipokipaka."

"Mbona hukusema?"

Chiriku alikuwa akipitisha kidole juu ya karatasi. "Ulikuwa umefurahi. Ulisema hata huko ng'ambo hawana."

Mama alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, ukuta uleule. Fundi rangi aliingia akiwa na brashi zake, akaona karatasi juu ya meza, akaona mkewe chini. Alikuwa na la kusema, na alikuwa na haki nalo. Akaiondoa karatasi, akachukua kopo la rangi nyeupe, akaanza kupaka juu ya vibao vya zamani, taratibu, bila kumwaga, kama anafuta jina mlangoni.

*

Siku ya wazazi Chiriku alikaa benchini. Mlango siku hiyo ulikuwa wazi wote, na viti vimepangwa hadi ukumbini. Mama Chiriku alikuwa amenyoosha mapazia upya kwa hiari yake, akaufumua na ule upindo. Alikuwa amemwambia mwanawe, "Tukae nyumbani, si lazima." Mtoto akasema, "Kibonge anapiga."

Kibonge alipanda kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili. Alianza vizuri. Sauti nene na nyembamba zilienda pamoja mpaka katikati, kisha mkono wa kushoto ukapotea. Akarudia. Ukapotea palepale. Akaacha mikono juu ya vibao, chumba kizima kinamtazama kisogo.

Mama Chiriku alisikia kitu kitamu kikimpanda kooni. Nakiandika kama kilivyokuwa. Ilikuwa furaha. Miezi miwili aliisubiri, na ilikuja tamu kama alivyoiota. Akageuka amwonyeshe mwanawe.

Chiriku hakuwa anacheka. Vidole vyake vilikuwa magotini, mkono wa kulia na wa kushoto, vimekunjwa kama vimeshika yai. Alikuwa amefumba macho, akitafuta. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo nyumbani haikusikika kwa wiki nane, akaimba noti moja.

"Sol."

Kibonge aliipokea bila kugeuka. Kidole chake kilishuka, sauti nene ikarudi mahali pake, na wimbo ukaenda mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata Chiriku alianza tena ukurasa wa sita, kidole gumba, do ya katikati. Mwalimu anasema itachukua muda, maana mkono uliojifunza vibaya una kazi mbili. Kwa Kibonge anakwenda Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine anaimba, siku nyingine haimbi.

Mzazi mwenzangu, ya kuepuka ni haya.

Usibebe neno la kaunta ukampelekea mtoto nyumbani.

Jirani akisema huna, na kweli huna, usimwondoe mtoto kwenye nyumba yake.

Usihesabu kurasa za mtoto wa mwenzio.

Usichore usichokipima.

Usimfundishe mtoto kusema "tunacho." Atalisema siku mbaya kuliko zote, na atalisema kwa ajili yako.

Mtoto akitazama muda mrefu kitu ulichomtengenezea, usimuulize kama amekipenda. Muulize kama kiko sawa.

Usimwambie asiimbe.